Maumivu ya misuli na viungo: yanatoka wapi, na yapi hayangoji



Siku ya Bwana, mchungaji anapowaita wagonjwa waje mbele kwa maombi, wengi wanaosimama katika makanisa yetu ya Lubumbashi hawana homa wala kikohozi. Mmoja ameshika kiuno, mwingine goti, mwingine bega. Ukiuliza wanaumwa na nini, wanajibu "mifupa". Ukiuliza tena mifupa hiyo inauma kwa sababu gani, utasikia majibu matatu: baridi, uzee, au mtu fulani wa jamaa au jirani ambaye jina lake linasemwa kwa sauti ya chini. Majibu mawili ya kwanza yana sehemu ya ukweli. Hilo la tatu limetenganisha jamaa nyingi, na mara nyingi linafika nyumbani kabla ya daktari.

Tunaandika haya kwa sababu "maumivu ya mifupa" si ugonjwa mmoja. Ni jina tunalolipa magonjwa mengi, na dawa iliyomsaidia mama mmoja inaweza kumdhuru mtoto wa jirani yake. Hatutaki kila mmoja ajifanye daktari wake mwenyewe. Tunataka ajue la kuangalia, la kumwambia muuguzi, na wakati wa kutoka nyumbani bila kungoja kesho.

Kipi kinachouma?

Mahali mifupa inapokutana ndipo pana kiungo: goti, kiwiko, nyonga, kifundo cha mguu, vidole. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe kinachoteleza, na katikati pana ute unaofanya kazi kama mafuta katika mashine. Misuli ndiyo nyama inayovuta, na kano ni kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa. Halafu kuna mishipa ya fahamu inayotoka katika uti wa mgongo na kushuka hadi miguuni.

Kila kimoja kina namna yake ya kulalamika. Msuli uliochoka unauma ukiubonyeza au ukiutumia, na ukiupumzisha unatulia. Kiungo chenye ugonjwa kinauma hata mtu mwingine akikukunjia mguu wewe ukiwa umelegea, na mara nyingi kinavimba au kinakuwa na joto. Mshipa wa fahamu uliobanwa hupeleka maumivu mbali: shida iko kiunoni, lakini moto unapita takoni na pajani hadi kisigino, na mguu unakufa ganzi. Maumivu ya mfupa wenyewe yako ndani sana, na usiku huzidi.

Ndiyo maana mganga wa hospitali anauliza maswali ambayo wengine wanaona ni ya kupoteza wakati. Ni kiungo kimoja au vingi? Yalianza ghafla au polepole? Asubuhi unakaa muda gani kabla vidole havijalegea? Kulikuwa na homa? Unafanya kazi gani? Mtu anayejibu "mwili wote tu, daktari" anamwacha daktari gizani. Afadhali ukae nyumbani dakika tano na kuyafikiri kabla ya kwenda.

Mizigo ya mji wetu

Tuanze na sababu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo watu hawaihesabu kuwa ugonjwa: kazi.

Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba ilibebwa na migongo ya watu. Union Minière, na baada yake Gécamines, zilikuwa na mashine kubwa, lakini hata mashine hiyo inaendeshwa na mtu anayetikiswa nayo saa nane kwa siku. Wababa wengi walio leo katika viti vya nyuma vya makanisa yetu walifanya kazi hiyo miaka 20 au 30. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa "kuondoka kwa hiari", na pamoja na mshahara zikaondoka huduma za hospitali ya kampuni. Magoti na viuno vilivyochakaa vilibaki nao.

Kizazi cha leo kina mizigo yake. Kuna vijana wanaoshuka mashimoni Kolwezi, Likasi na Kipushi kwa mikono yao, wakichimba wameinama na kupandisha magunia ya mawe kwa kamba. Kuna wanaosukuma baiskeli zilizojaa magunia ya makala kilomita nyingi kabla jua halijatoka. Madereva wa malori ya Kasumbalesa hukaa kwenye kiti kimoja siku nzima, na mgongo haupendi kukaa kama usivyopenda kubeba. Na wamama! Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na shingo inayoibeba mara tano kwa siku imebeba kilo 100 kabla ya saa nne asubuhi. Ongeza kufua ukiwa umeinama, kusonga bukari kwenye sufuria kubwa ya sherehe, kuketi kwenye kigoda kifupi sokoni kuanzia asubuhi hadi jioni na mtoto mgongoni.

Msuli uliofanya kazi kuliko kawaida hupata majeraha madogo sana yasiyoonekana, na mwili huyaponya kwa siku mbili tatu. Hayo si mabaya. Ndivyo msuli unavyopata nguvu. Shida huja pale mzigo unaporudi kila siku kabla ya kuponya kwisha. Hapo kano zinavimba, hasa begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono, au mito midogo iliyo kati ya mifupa ya mgongo inabanwa na kutokeza nje hadi kugusa mshipa wa fahamu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: maumivu mengi ya kiuno yanayotokana na kazi hupungua sana ndani ya wiki sita hivi bila dawa kubwa, na kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha. Siku moja au mbili za kupumzika, sawa. Kisha mtu aamke, atembee kidogo kidogo, aepuke tu mzigo mzito. Mgongo uliolazwa mwezi mzima hupoteza misuli inayoushika, na mgonjwa anaamka akiwa dhaifu kuliko alivyolala. Tunasema hivi kwa sababu katika mji wetu mgonjwa anayetembea anaonekana mkaidi, na jamaa wanamrudisha kitandani kwa upendo.

Vitu vidogo vinasaidia. Bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja ya 20 kichwani. Gunia linyanyuliwe kwa kukunja magoti na kulikaribiza kifuani, si kwa kuinama na kulivuta. Bakuli la kufulia liwekwe juu ya meza au matofali. Hayahitaji pesa, isipokuwa ile ya kununua bidoni ya pili.

Uzee na baridi

Gegedu hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mfupa unaanza kukaribia mfupa, na goti linalia mtu anapoinuka. Kwenye fishi ya hospitali daktari anaandika "arthrose". Maumivu haya huzidi ukitembea na hupungua ukikaa, na ugumu wa asubuhi huisha kwa muda mfupi, chini ya nusu saa. Yanapenda magoti, nyonga, kiuno na vidole. Yanapenda zaidi mwili mzito: kila kilo moja ya mwili huongeza karibu kilo nne juu ya goti katika kila hatua. Mama aliyepunguza kilo tano amepunguzia magoti yake kama kilo 20 kwa hatua, na hakuna pomada ya sokoni inayoweza kazi hiyo. Dawa nyingine ni kuimarisha misuli ya paja. Keti kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, keti tena, mara kumi, asubuhi na jioni. Wazee wakifanya hivyo miezi miwili mitatu, wengi wanaona tofauti.

Usichanganye hayo na ugonjwa mwingine ambao si wa uzee. Humpata hata mama wa miaka 35: vidole vya mikono yote miwili vinavimba, asubuhi vinakuwa vigumu kwa zaidi ya saa moja, na uchovu ni mkubwa. Hapo kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, inashambulia viungo vyake yenyewe. Ugonjwa huo usipotibiwa mapema unapindisha vidole kabisa. Dawa zake zipo, lakini si zile za kutuliza maumivu tu, na zinahitaji daktari.

Waswahili wa pwani huita maumivu ya viungo baridi yabisi, na kwetu pia tunasema baridi imeingia katika mifupa. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi haiharibu kiungo kizima, lakini inakaza misuli, na kiungo kilichokwisha kuharibika kinauma zaidi. Basi mzee avae joto, lakini asidhani kwamba koti limetibu goti. Kuna kundi moja tu ambalo kwao baridi yenyewe ni hatari ya kweli, nasi tutalifikia.

Maumivu yanayokuja na homa

Malaria inauma mwili wote, na kila mtu hapa anaijua. Kipimo kwanza, ndipo dawa. Mafua makali pia huuma misuli, na hupita.

Kuna virusi viwili vya mbu ambavyo majina yao yenyewe ni masomo. Chikungunya ilielezwa kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanzania ya leo, na jina limetoka katika lugha yao: ni kitu kinachomkunja mtu. Mgonjwa anapata homa ya ghafla, na viungo vinauma hadi anatembea amepinda, wakati mwingine kwa miezi baada ya homa kuondoka. Katika nchi yetu ilizuka mwaka 2019 Kinshasa na Kongo-Kati. Mbu wake huuma mchana na kuzaa katika maji yaliyosimama kwenye matairi, makopo na mapipa yasiyofunikwa. Wa pili, o'nyong'nyong, ulipewa jina na Waacholi wa kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, kwa sababu ya kulegeza viungo. Katika miaka mitatu iliyofuata ulipita nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na kugusa watu kama milioni mbili. Kwa yote mawili, dawa ni parasetamol, maji mengi na saburi.

Jongo na chupa zetu

Mwanaume amelala mzima; saa nane ya usiku kidole gumba cha mguu kinawaka kama kimeingizwa katika makaa. Hata shuka ikikigusa analia. Asubuhi ni chekundu na kimevimba. Wengine wanasema amekanyaga kitu kilichotegwa mlangoni. Huo ni jongo, ugonjwa ambao madaktari wetu wanauandika "goutte". Damu imejaa asidi ya yuriki kupita kiasi, nayo inaganda kama chembe za kioo ndani ya kiungo.

Asidi hiyo huongezwa na pombe, hasa bia, na nyama nyekundu, maini na samaki wadogo wakiliwa kwa wingi. Huongezwa pia na figo dhaifu, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazokojoza. Hapa ndugu asiyekunywa pombe hufurahi mapema mno: vinywaji vya chupa vyenye sukari nyingi navyo huipandisha. Tumeona sherehe zetu za kanisa, ambapo bia haiingii lakini kreti za sukari zinaingia kwa lori. Mwenye jongo anywe maji, apime figo, na asiache dawa ya shinikizo kwa shauri lake. Daktari anaweza kuibadilisha.

Watoto wanaolia usiku

Sasa tumefika mahali pazito zaidi.

Mtoto wa miezi minane anavimba mikono na miguu yote pamoja, analia akiguswa. Miaka inapita, kila wakati wa baridi, au baada ya malaria, analia mifupa ya mikono, ya miguu, ya mgongo. Macho yake yana rangi ya manjano. Hakui kama wenzake. Anatumia pesa za jamaa nzima hospitalini, anapona, anaumwa tena. Katika nyumba nyingi, hapo ndipo minong'ono inaanza: mtoto huyu si wa kawaida, au bibi yake anamla.

Huo ni ugonjwa wa selimundu, ambao kwetu wengi wanauita SS. Chembe nyekundu za damu, zinazopaswa kuwa duara na laini, zinapinda kama mundu na kuwa ngumu. Zinakwama katika mishipa myembamba, na sehemu ya mfupa inakosa damu. Maumivu yake watu wazima wanayalinganisha na kuvunjika. Chembe za kawaida huishi kama siku 120, hizi huishi siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu mtoto anapungukiwa damu na macho yanageuka manjano. Kongo ni mojawapo ya nchi zilizoguswa zaidi duniani. Inahesabiwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne hapa amebeba nusu ya urithi huo, AS, naye ni mzima kabisa. Tena ana ulinzi fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana urithi huu ulienea katika nchi za mbu kama zetu. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS. Urithi unatoka kwa baba na kwa mama sawasawa. Bwana anayemfukuza mke kwa kuwa "damu ya kwao ni mbaya" amesahau kwamba nusu imetoka kwake.

Mtoto wa SS akijulikana mapema ana njia ya kuishi vizuri: penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo zote, asidi ya foliki, chandarua, maji mengi, nguo za joto, na kwa wengi dawa ya haidroksiurea inayopunguza sana maumivu. Kinachomuua haraka ni kuchelewa. Jamaa inayopita nyumba tatu za manabii kabla ya kufika hospitalini inamfikisha amekwisha damu.

Kuna mtoto mwingine wa kuangalia, wa miaka 5 hadi 15. Aliumwa koo, akapona bila dawa. Baada ya wiki mbili hadi nne goti linavimba na homa inarudi. Siku mbili baadaye goti ni zima, na sasa ni kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Maumivu yanahama, na watu wanasema kitu kinatembea ndani yake. Ni homa ya rumatizimu. Viungo vitapona vyenyewe. Hatari iko moyoni, kwa maana ugonjwa huo huo unakula vali za moyo kimya kimya, na miaka kumi baadaye msichana anashindwa kupumua akiwa na mimba. Penisilini kwa koo lenye vijidudu inauzuia usianze. Aliyekwisha kuupata anapigwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano hiyo inauma, na watoto wanaikimbia, na wazazi wanawahurumia. Wasiwahurumie.

Kuhusu yule aliyefunga mifupa ya mtoto: Luka sura ya 13 inasimulia habari za mwanamke aliyepindika mgongo miaka 18, na wahubiri wengi wanaitumia kuonyesha kwamba kila mgongo una roho yake. Tusome vizuri. Yesu alisema Shetani ndiye aliyemfunga, kisha akamfungua mbele ya wote. Hakumwuliza mwanamke jina la jirani. Hakumtafuta mama mkwe. Hakumnyoshea mtoto kidole. Aliyekemewa siku ile alikuwa mkuu wa sinagogi, aliyeona heri ng'ombe afunguliwe siku ya sabato kuliko mgonjwa. Na sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Sheria hiyo haimwachi nje mtumishi wa Mungu.

Vidonge vya haraka

Katika farmasi ndogo za mitaa yetu, mtu akisema "mifupa" anapewa mchanganyiko: diklofenaki, Indocid, na mara nyingi deksametazoni. Jioni anacheza. Ndiyo sababu watu wanaupenda.

Diklofenaki na ndugu zake zinafaa kwa siku chache, baada ya kula. Zikitumiwa kwa miezi zinatoboa tumbo, zinapandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na mama mwenye mimba asizitumie bila daktari, hasa miezi mitatu ya mwisho. Deksametazoni ni dawa kubwa inayookoa maisha mahali pake. Mahali pasipo pake inaficha ugonjwa bila kuuponya. Mtu ananenepa, uso unakuwa mviringo, wengine wanamsifu kwamba Mungu amemwinua. Wako hata wanaoinunua kwa ajili ya unene huo. Ndani, sukari inapanda, mifupa inakonda, kifua kikuu kilicholala kinaamka, na kichwa cha mfupa wa nyonga kinaweza kufa. Yule aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla pia. Mwili umesahau kutengeneza ya kwake, na anaweza kuanguka. Aende kwa daktari apunguziwe polepole. Kwa maumivu ya kawaida ya mtu mzima, anza na parasetamol ya miligramu 500: kidonge kimoja au viwili, kukiwa na saa sita katikati, na visipite vinane kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini atumie pungufu, kwa shauri la daktari.

Yasiyongoja

Kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, pamoja na homa: nenda siku hiyo hiyo, kwa kuwa usaha unaweza kula gegedu ndani ya siku chache. Mtoto aliyekataa ghafla kukanyaga mguu: vilevile. Maumivu ya mgongo pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ganzi kati ya mapaja: usilale nayo. Pigambuzi moja iliyovimba na kuuma, ingine ikiwa nzima, inaweza kuwa damu iliyoganda. Misuli iliyouma baada ya kazi kali mno, na mkojo ukawa mweusi kama chai: figo ziko hatarini. Bega la kushoto linalouma pamoja na kifua na jasho baridi si bega, ni moyo.

Mgongo unaouma wiki nyingi, jasho la usiku, mwili unakonda: inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata kama hakuna kikohozi. Kisipotibiwa kinaweza kuleta nundu na kupooza. Dawa za kifua kikuu ni za bure katika nchi yetu.

Ndani ya kanisa

Yako mambo ambayo wachungaji na wazee wa kanisa peke yao wanaweza kuyabadilisha.

La kwanza ni mfungo. Mfungo mkavu, bila maji, ni njia ya hakika ya kumletea mgonjwa wa SS maumivu makali, maana damu iliyokauka inakwama upesi. Mchungaji atangaze waziwazi kwamba wagonjwa wa SS, wa figo na wa sukari, na wamama wenye mimba, hawafungi chakula wala maji, na asiwaache wajitetee mbele ya wenzao. La pili ni mkesha. Kama mkesha uko nje, katika mwezi wa sita, watoto hawa wabaki nyumbani au walale ndani na blanketi.

La tatu, wanaoandaliwa kwa ndoa wapime damu mapema, tangu uchumba unapoanza. Kipimo cha elektroforesi kinaonyesha AA, AS au SS. Kupima wiki moja kabla ya arusi, mahari imetolewa na kadi zimegawanywa, ni kumtesa mtu kwa bure.

La nne: kwa wazee, kupiga magoti kusiwe sharti la maombi, na mabenchi machache yawe na mahali pa kuegemea. Fundi wa kanisa anaweza kuyatengeneza kwa mbao zile zile.

Na kwa jumuiya zetu zinazobatiza kwa kuzamisha: maji ya mto katika mwezi wa sita na wa saba ni baridi kiasi cha kumlaza kijana wa SS hospitalini siku ya furaha yake. Mashemasi waulize afya za wabatizwa wakati wa mafundisho, si ukingoni mwa maji. Aliye na ugonjwa huo angoje mwezi wa kumi, ambapo Lubumbashi kuna joto kuliko miezi yote, au apashiwe maji katika birika la kanisa, na mtu awe amesimama hapo na taulo kavu na chai ya moto.